Nyumba ya mbao si ya kuonea haya, ila ujue kuijenga



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaleta mazungumzo yanayosikika kila jioni kwenye foleni ya maji: siku tukipata kiwanja, tujenge kwa kitu gani? Vijana wengi wanasema, "Mbao hapana, ile ni nyumba ya maskini. Mimi ni matofali tu." Wazee nao wanajibu, "Matofali bila sima ya kutosha yatakulalia usiku." Basi tumeona heri tuandike yale tunayoyajua, ili kila familia iamue yenyewe.

KWA NINI GOMA NI MJI WA MBAO

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki 3 walivuka mpaka kuja huku Gisenyi, lakini wengi walirudi baada ya siku chache tu. Walikuta nini? Mahali pa nyumba pamekuwa jiwe jeusi. Huwezi kuchimba msingi kwa jembe, na hata kwa sururu ni kazi ya mateso.

Mbao ndizo zilizowasaidia. Mashirika yaligawa miti, mabati na shitingi kwa maelfu ya familia, na wenyewe wakaendelea kugongelea mbao ukutani kila walipopata pesa kidogo. Ukuta wa mbao ni mwepesi, unasimama juu ya mawe yaliyopangwa bila msingi mrefu. Na ukihama kiwanja, unang'oa misumari, unabeba nyumba yako, unaisimamisha kwingine. Kwa mtu anayepanga kiwanja, hiyo si faida ndogo.

TETEMEKO HALIBAGUI

Wengi wetu tunakumbuka tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi jioni. Lava iliteketeza mitaa kama Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kisha ardhi ikatetemeka siku nyingi mfululizo. Huku Rubavu nyumba za matofali zilipasuka, nyingine zikaanguka. Kabla ya hapo, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la upande wa Bukavu na Rusizi liliua watu, na wengine waliangukiwa na kuta wakiwa kanisani, maana ilikuwa Jumapili.

Tofali halipindi. Likisukumwa, linavunjika, na ukuta usio na chuma ndani unaanguka wote. Mbao iliyogongwa misumari inalia, inayumba, halafu inarudi. Lakini hapana kujidanganya: nyumba ya mbao nayo inaweza kulala upande kama haikufungwa vizuri. Katika kila kona weka mti wa mshazari, kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nguzo ya pili. Na yale mawe tunayoweka juu ya mabati ili upepo usiyabebe, yatoeni. Siku ya tetemeko yanaanguka juu ya mtoto anayekimbia nje. Afadhali kuongeza misumari ya mabati.

JINSI YA KUVIKA UKUTA

Adui wa kwanza wa mbao ni maji. Huko Norwe kuna kanisa la mbao mahali panapoitwa Urnes, lilijengwa karne ya 12, na mpaka leo limesimama. Limewezaje? Moja ya siri ni kwamba miti yake imekaa juu ya mawe, haigusi udongo. Sisi mawe tunayo tele. Basi fuateni hivi:

1. Panga mawe kuzunguka nyumba, ili mbao ya chini kabisa iwe juu ya ardhi shubiri moja au zaidi. Matone ya mvua yanaruka na matope. Mbao iliyo chini inaoza mapema, na mchwa wanapanda bila kuonekana.

2. Usigonge mbao mbichi. Mkaratusi uliopasuliwa juzi unajikunja na kusinyaa, na baada ya mwezi upepo unapita kila mahali. Zipange kivulini, weka vijiti kati ya mbao na mbao, zikae majuma mengi, miezi kama inawezekana.

3. Anza chini, panda juu. Kila mbao ya juu ilalie ile ya chini kama upana wa vidole viwili, jinsi manyoya ya kuku yanavyolaliana. Ukianza juu, maji yataingia ndani ya ukuta.

4. Msumari upite kwenye mbao moja tu, juu kidogo ya pale zinapolaliana. Ukizifunga mbili pamoja zitapasuka, kwa sababu mbao inavimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua.

5. Mabati yatokeze nje ya ukuta kama nusu mita. Paa fupi ni ukuta uliolowa.

Watu wengi hupaka oili chafu ya magari ili kufukuza mchwa. Inasaidia kiasi, lakini ni sumu na inashika moto. Usipake ndani, wala mahali watoto wanapoegemea, wala karibu na bidoni za maji.

MOTO

Hapa ndipo matofali yanatushinda, na lazima tuseme ukweli. Bukavu, katika mitaa ya vilimani kama Kadutu, moto umemaliza nyumba nyingi za mbao kwa usiku mmoja, tena si mara moja. Nyumba zimebanana, na ndani watu wamebandika makartoni kuzuia baridi. Mshumaa mmoja ukianguka, kartie nzima inalia.

Kwa hiyo jikoni kuwe mbali na nyumba ya kulala, au ukuta wa upande wa jiko uwe wa mawe au bati. Kati ya nyumba na nyumba acha njia ambayo mtu mwenye mzigo anaweza kupita. Mlango ufunguke kwa nje, na usifunge watoto kwa kufuli ukienda sokoni. Mama zetu, tunajua mnafanya hivyo kwa kuogopa wezi, lakini mtoto aliyefungiwa ndani hana pa kutokea. Mwachie jirani unayemwamini. Na hata hapa kwenye mahema, mshumaa uzimwe kabla ya kulala.

TUFANYE NINI SASA

Wanaoweza, wakirudi, wajenge kwa mawe hadi kiunoni na mbao juu yake: chini hakuna kuoza, juu hakuna uzito. Asiyeweza asione haya. Na tusikate miti ya majirani zetu wa Rugerero. Wao pia wanaitegemea, na kukata bila ruhusa kutaletea kambi yote shida.

Baba na kaka wenye ufundi wa useremala, tunaomba mpite shuleni mchana baada ya masomo. Vijana wetu wengi wana umri wa kushika nyundo na hawajui hata kunoa msumeno. Hata saa moja kwa juma inatosha kuanza.

Amani iwe kwenu nyote.