Magunia Mawili ya Lugulu

Kwa muda wa miaka tisa, kila dadangu aliponiuliza kwa simu, "Kaka, utakuja lini kututazama?", jibu langu lilikuwa moja: "Lugulu ni mbali, mdogo wangu. Inshaallah, Mola akijaalia." Aliolewa huko Bungoma na mwanamume aliyesilimu alipokuwa akifanya kazi Mombasa. Katika miaka hiyo tisa yeye amekuja kwetu mara nne, mara mbili akiwa na mtoto mgongoni. Mimi, niliyewasomesha watu mlango wa kuunga udugu mara nisizoweza kuzihesabu, sikwenda hata mara moja.

Shaaban iliyopita nilialikwa Kitale kuhudhuria mahafali ya madrasa. Basi likanipeleka zaidi ya kilomita 800, usiku kucha na sehemu ya mchana. Nilipofika niliambiwa kwamba kutoka hapo hadi Lugulu ni kama kilomita 50 tu. Udhuru wangu ukawa umekwisha. Nikamuuliza ustadh mmoja kijana matatu za Webuye hupandiwa wapi, naye akanijibu kwa adabu: "Sheikh, kesho mimi naelekea njia hiyo hiyo kwa baiskeli. Ukipenda, tutakuazimia ya pili."

Kijana huyo kila juma hupanda baiskeli kwenda kuwasomesha watoto wa Kiislamu katika vijiji vilivyo kando ya barabara ile, kwani nauli ingemaliza posho yake yote. Nilipolisikia hilo niliona haya kukataa. Niliwahi kuwa mpanda baiskeli hodari enzi za ujana wangu, nami nikajidanganya kwamba miguu haisahau.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Yangu ilikuwa ile baiskeli nzito nyeusi ambayo watu wa huko huiita Black Mamba, yenye keria pana ya chuma. Kulipopambazuka, Mlima Elgon ulijitokeza mkono wetu wa kulia, mrefu wa zaidi ya mita 4,300, na chini yake mashamba hayana mwisho. Nchi hii ya Trans Nzoia ilitwaliwa na masetla wa Kizungu wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa, na leo kaunti hii ni miongoni mwa zinazotoa mahindi kwa wingi zaidi nchini Kenya. Sima tunayoisonga pwani hutokana na udongo kama huu.

Ulikuwa msimu wa kiangazi. Mabua makavu yalikuwa yamelala, na huku na huku maksai walivuta plau ili ardhi iwe tayari kwa mvua za Machi. Tuliipita Kiminini jua likianza kuchoma. Kwa jumla njia hushuka, lakini kila mto una mteremko wake na mpando wake, na penye mpando nilishuka nikaisukuma baiskeli kama mzee wa makamo nilivyo. Wanawake waliobeba kuni walitusalimu, "Mulembe!" Ustadh akanieleza kwamba kwa watu wa huko neno hilo ni amani. Nikasema: basi nasi salamu yetu ni hiyo hiyo.

Tulipumzika Kamukuywa chini ya mti, na hapo nikawakumbuka wazee wetu. Katika karne ya 19 watu wa pwani walitembea kwa miguu na misafara yao, wakiwa na nguo na shanga, hadi kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, huko Mumias, kusini ya tulipokuwa. Biashara yao haikuwa safi yote. Hata hivyo, kwa njia ile Uislamu uliota mizizi, na Nabongo mwenyewe akasilimu. Wao walifika kwa miguu, mimi mwenye nauli ya basi nikasema ni mbali.

Tukaipita Misikhu, na baada ya Adhuhuri tukafika Lugulu, mji uliokua kando ya misheni ya Kanisa la Marafiki, wenye hospitali na shule ya wasichana. Dadangu alipotuona tukiingia uani na vumbi mpaka kwenye ndevu, alikaa chini akalia. Mavyaa yake, ambaye ni mama wa kanisa hilo, alikwenda akakamata jogoo akatukabidhi tumchinje wenyewe, maana miaka yote hiyo ameyajua masharti ya mkwewe na kuyaheshimu.

Baada ya chakula dadangu akaniita ghalani. "Kaka, kuna kitu chako hapa." Kilikuwa magunia mawili yaliyosimama peke yao pembeni. Akalifungua moja, na unga mwembamba ukatimka kama moshi. Dumuzi walikuwa wameyatoboa mahindi, zikabaki ganda.

Ndipo nikakumbuka. Novemba iliyopita aliniuliza kwa simu: "Nimevuna magunia 20 katika ekari moja na nusu. Je, yana zaka? Nimpe nani, nami Waislamu wa huku siwajui vizuri?" Nilikuwa na haraka. Nikamwambia: "Tenga fungu lake, nitakuja tulizungumze." Akatenga magunia mawili, akaniamini, akangoja. Alikataa kuyachanganya na dawa ya yale mengine, asije akaitia mkono haki ya watu.

Mama zangu na dada zangu, jibu ambalo lingenichukua dakika tano ni hili. Nafaka inayoliwa kama chakula cha kawaida na kuwekwa akiba, mahindi yakiwamo, ina zaka ikitimia nisabu ya wasaki tano, sawa na pishi za Mtume 300. Wanazuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa kama kilo 650, yaani kupita kidogo magunia 7 ya kilo 90. Shamba lililonyweshwa na mvua hutoa sehemu moja katika kumi. Lililomwagiliwa kwa gharama hutoa nusu ya hiyo. Haingojwi mwaka upite kama katika fedha. Hutolewa baada ya mavuno kukaushwa na kusafishwa. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, bei ya mbolea na kibarua haipunguzwi kabla ya hesabu.

Dadangu alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Lililoharibika ni wakati. Zaka ikishawajibika, na wastahiki wapo, na njia ya kuwafikia ipo, haicheleweshwi. Ikicheleweshwa ikapotea, deni hubaki shingoni. Nikamwambia haya huku nikiinamisha kichwa, kwani aliyeichelewesha hasa ni mimi.

Nilitaka kuyanunua magunia mawili mengine kwa fedha yangu. Akanikatalia. "Zaka ni yangu, kaka, na mahindi ninayo. Deni lako wewe ni miguu." Akatoa magunia mawili katika yale yaliyosalia, naye hakuwa na ya kutupa, kwa kuwa mpaka mavuno mapya ilibaki zaidi ya nusu mwaka. Akatia nia, akamwakilisha ustadh, ambaye anawajua wajane na mayatima wa Kiislamu katika vijiji anavyosomesha.

Asubuhi ya pili tuliyafunga kwa mipira ya ndani ya matairi, gunia moja kwa kila keria. Kijana aliendesha, mimi nilisukuma karibu njia nzima hadi Misikhu. Mjane wa kwanza alipopokea kisaga chake cha kwanza, alituuliza kimetoka kwa nani. Ustadh akasema, "Kwa dada yako wa Lugulu." Ni mwendo mfupi tu kati yao, na hawakuwa wanajuana. Juma lile lile, naambiwa, walitembeleana.

Ramadhani huja na haki nyingi za watu. Mwenye ndugu aliyeolewa mbali, amtazame kabla hajaulizwa tena. Na anayeulizwa jambo la dini na nduguye, amjibu siku hiyo hiyo, na asilolijua amuulizie mwenye kulijua. Mwenyezi Mungu atutakabalie, na atusamehe tuliyoyaacha ghalani. Amin.