Mwanamke Mwaloni na Mvuke wa Zebaki

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita na Chunya, kazi hugawanywa kabla nyundo haijashikwa. Wanaume hushuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Wanawake wengi hubaki juu, kwenye mwalo wa kuoshea mawe, wakiponda mawe, kuosha unga wa mwamba au kupika chakula. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba mwanamke aliye hedhini akisogelea duara, dhahabu hukimbia. Mwiko huo una bei yake. Mgawo wa mawe huwaendea wenye duara na wanaoshuka. Aliye juu huambulia ujira wa siku, au marudio, yaani mabaki ya unga uliokwisha kuoshwa.

Wengi hudhani kwamba aliyebaki juu ameepushwa na hatari. Kiafya si kweli. Anayeponda mawe huvuta vumbi la silika, linalotia makovu kwenye mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usioponyeka. Kisha ipo zebaki. Huchanganywa na unga uliooshwa ili inase chembe za dhahabu, halafu donge huchomwa, zebaki ikaruka na dhahabu ikabaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na karibu asilimia 80 ya unaovutwa huingia mwilini kupitia mapafu. Hudhuru ubongo na figo. Kwa mjamzito, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Donge likichomwa jikoni, nyumba nzima huvuta.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na vipo vyombo vilivyofungwa vinavyonasa mvuke huo. Lakini kibarua haamui donge lichomwe vipi. Huamua mwenye leseni. Sheria inamruhusu mwanamke wa Kitanzania kumiliki leseni ya uchimbaji mdogo, na chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kipo tangu mwaka 1997. Kikwazo ni mtaji: mkopo hudai dhamana, na hati ya nyumba au shamba mara nyingi ina jina la mume.

Kwa hiyo kumpa mwanamke barakoa peke yake hakutoshi. Mwenye duara, mpe mwanamke mgawo unaolingana na jasho lake, wala usiruhusu zebaki ichomwe wazi. Nawe dada uliye mwaloni, ukiwa mjamzito au unanyonyesha, kaa mbali na moto huo, na mweleze mhudumu wa kliniki kazi unayofanya. Asipojua, hatajua cha kupima.