Diski ya Mgongo Hairudishwi Mahali Pake

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni ni hili: "Daktari, diski yangu imetoka. Ni tiba gani ya kisasa itakayoirudisha mahali pake bila kupasuliwa?" Jibu ni kwamba hakuna. Mkandaji hawezi kuirudisha, sindano haiwezi, leza haiwezi, na hata daktari bingwa wa upasuaji hairudishi. Yeye hukiondoa kipande kinachobana mshipa wa fahamu. Maadamu mgonjwa anatafuta mtu wa kumrudishia diski, atamlipa kila anayemwahidi hivyo, na maswali yenye maana kuhusu tiba hatayauliza kamwe.

Diski haitelezi, kwa kuwa imeshikamana na pingili ya juu na ya chini yake kwa nyuzi imara. Kinachotokea ni kwamba ukuta wake wa nje hupasuka na kiini laini cha ndani huchomoza, mara nyingi kuelekea nyuma, upande ilipo mishipa ya fahamu. Sasa fikiria mkandaji anayekandamiza kiuno kwa kiganja, au mtoto anayeambiwa apande mgongoni mwa mzazi atembee juu yake. Kati ya mkono huo na diski kuna ngozi, misuli minene, matao ya mifupa ya pingili na mfuko wenye mishipa ya fahamu. Hakuna kidole kinachovuka vyote hivyo kikasukuma kiini kirudi ndani ya ufa, na hata kingefika, ufa ungebaki wazi vilevile. Ule mlio unaomfanya mgonjwa aamini kwamba kitu kimerudi hutoka kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili, ambamo hutokea kiputo cha gesi viungo vinapovutwa ghafla. Diski haihusiki.

Hapo ndipo hujibiwa: mbona fulani alikandwa akapona? Alipona kweli, lakini wengi hupona hata wasipokandwa. Kipande kilichochomoza hushambuliwa na seli za kinga za mwili, hunyauka, na mara nyingine hutoweka kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vipande vilivyokatika kabisa na kujitenga na diski vilipungua vyenyewe kwa takriban asilimia 96 ya wagonjwa, ilhali diski zilizotuna tu zilipungua kwa asilimia 13 hivi ya wagonjwa. Kwa hiyo picha ya MRI inayotisha zaidi huenda ndiyo yenye matumaini zaidi. Anayekanda katika wiki ya nne hujipa sifa ya kazi ambayo mwili ulikuwa umekwisha kuianza. Ushahidi wa kwamba picha "imebadilika" baada ya kukandwa nao hautoshi, kwa sababu picha yenyewe ni shahidi dhaifu: utafiti wa Marekani wa mwaka 1994 uliwapima kwa MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na asilimia 52 kati yao wakakutwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja. Anayetibu picha bila kumpima mgonjwa nguvu za mguu na hisia za ngozi anatibu karatasi.

Wapo wanaosema kukanda hakudhuru. Kuchua misuli taratibu kunaweza kumpa mtu nafuu, na hilo halina ugomvi. Kukandamiza na kukunja kwa nguvu ni jambo jingine. Katika nchi zetu, maumivu ya mgongo yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo au saratani ya tezi dume iliyosambaa, na mfupa uliokwisha kuliwa huvunjika kwa shinikizo dogo. Tena, wiki zinazopotea kwa mkandaji ndizo ambazo mguu unaweza kulegea moja kwa moja.

Imani hiyohiyo ya kurudisha diski ndiyo inayouza leza na gesi ya ozoni kama miujiza, kwa hiyo tuziweke tiba mahali pake. Wiki sita za kwanza ni za dawa za maumivu, kuendelea kutembea na mazoezi. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Sindano ya steroidi karibu na mshipa wa fahamu hupunguza maumivu ya mguu kwa muda mfupi, nayo ina hatari adimu lakini nzito. Leza na ozoni hulenga kupunguza kiini kilicho ndani ya diski, hivyo hazifai kwa kipande kilichokwisha kujitenga. Upasuaji wa hadubini, unaotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huacha kovu la sentimita chache na bado ndio kipimo cha njia nyingine. Upasuaji wa kamera kupitia tundu la takriban sentimita moja ulilinganishwa nao Uholanzi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa hauko nyuma yake. Lakini udogo wa kovu pekee si ubora: utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2009, haukukuta kwamba upasuaji wa kupitia mrija huponyesha haraka kuliko ule wa kawaida. Kuhusu muda, utafiti wa mwaka 2007 wa wagonjwa 283 ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, ila baada ya mwaka mmoja asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona, ingawa asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri waliishia kupasuliwa. Upasuaji, basi, hununua muda, na hutibu maumivu ya mguu kuliko ya kiuno.

Muulize daktari wako mambo matatu: ni mshipa gani wa fahamu unaobanwa, kipande bado kimeshikamana na diski au kimejitenga, na nitapoteza nini nikisubiri? Lakini mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, haja kubwa ikishindwa kuzuilika, sehemu za siri na makalio yakifa ganzi, au mguu ukizidi kukosa nguvu, usisubiri wala usikandwe. Nenda hospitali yenye wataalamu wa upasuaji wa uti wa mgongo siku hiyohiyo.