Uvimbe adimu wa tumboni: Kwa nini kunyonya maji hakutoshi

TUMBO linapofura polepole bila maumivu, wengi hudhani ni unene, gesi au hata mimba. Mara chache, chanzo huwa kifuko kilichojaa majimaji, maarufu kama sisti, kinachomea kwenye utando unaoshikilia utumbo na kuupitishia mishipa ya damu.

Uvimbe huu si saratani, na ni adimu. Hukadiriwa kumpata mtu mzima mmoja kati ya 100,000 wanaolazwa hospitalini, na mtoto mmoja kati ya 20,000. Antonio Benivieni, daktari wa Florence, Italia, aliueleza baada ya kupasua maiti ya mtoto, na maelezo yake yakachapishwa mnamo 1507. Mwaka wa 1880, Mfaransa Paul Tillaux alifaulu kuuondoa kwa upasuaji.

Hata hivyo, kutokuwa saratani si kutokuwa na hatari. Kifuko kinaweza kupasuka, kuvuja damu ndani, kuingiwa na viini au kuufanya utumbo ujisokote na kuziba.

Daktari anapokisukuma kwa mkono, kwa kawaida huyumba kushoto na kulia, lakini hakisogei sana juu wala chini. Picha ya ultrasaundi huonyesha iwapo kimejaa maji au nyama, nayo skani ya CT hubainisha kilikoshikamana. Kwa wanawake, ni sharti kitofautishwe na uvimbe wa ovari.

Katika maeneo ya wafugaji kama vile Turkana, kuna tahadhari nyingine. Kifuko huenda kimesababishwa na mabuu ya tegu anayeishi katika utumbo wa mbwa. Kukidunga sindano kiholela kunaweza kuzua mzio wa kuua, au kumwaga mbegu za tegu huyo tumboni zikaota upya. Hivyo, uchunguzi hutangulia sindano.

Kwa sisti ya utando wa utumbo, tiba ni kuondoa kifuko chote. Maji yakinyonywa pekee, ukuta wake hubaki na kujaa tena. Kikiwa kimegandamana na utumbo, kipande cha utumbo hukatwa na ncha zikaunganishwa. Siku hizi baadhi ya wagonjwa hupasuliwa kupitia matundu madogo kwa usaidizi wa kamera.

Hatimaye kifuko hupelekwa maabara, kwa kuwa vichache hupatikana vikificha saratani. Kwa hivyo, anayeona tumbo likifura bila sababu asisubiri maumivu ndipo aende hospitalini.