Mfuko wa Chakula cha Mifugo ni Kilo Ngapi?

Mfugaji akiulizwa amenunua chakula kiasi gani, mara nyingi hujibu, "Mifuko miwili," au "Gunia moja." Jibu hilo halitoshi. Mfuko ni chombo cha kutilia kitu, wala si kipimo cha uzito. Kipimo ni kilo, na yafaa kila mtu afugaye kuku, nguruwe au ng'ombe ajue njia ya kugeuza mifuko kuwa kilo, na kilo kuwa mifuko.

Hapo zamani katika Kenya gunia la mahindi lilihesabiwa kuwa ratli 200. Ratli moja ni karibu gramu 454, basi ratli 200 ni kilo 90 na gramu 700 hivi. Nchi ilipoacha ratli na kufuata kilo, gunia la mahindi lilihesabiwa kuwa kilo 90, na wakulima wangali wakilitumia. Lakini chakula kitengenezwacho viwandani hakifuati gunia hilo. Mifuko mingi ni ya kilo 70 au kilo 50, na mingine ni midogo zaidi. Kwa hiyo tani moja, yaani kilo 1,000, ni mifuko 20 ya kilo 50. Au mifuko 14 ya kilo 70, na kilo 20 zaidi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukitaka kupata kilo, zidisha idadi ya mifuko kwa uzito wa mfuko mmoja. Ukitaka kupata mifuko, gawanya kilo kwa uzito wa mfuko mmoja.

Tuseme mtu ana kuku 100 wa mayai. Kuku mmoja hula karibu gramu 120 kwa siku. Basi wote hula kilo 12, na kwa siku 30 hula kilo 360. Jirani yake anunuaye mifuko ya kilo 70 amwambia, "Mifuko mitano yatosha." Kwa jirani ni karibu kweli, maana ni kilo 350. Lakini huyu akinunua mifuko mitano ya kilo 50, amepata kilo 250 tu. Chakula chake kitakwisha siku ya 21, na kuku wakosao chakula hupunguza kutaga upesi.

Bei nayo yataka hesabu. Tuseme mfuko wa kilo 70 ni shilingi 3,500, na wa kilo 50 ni shilingi 2,600. Wa pili waonekana rahisi. Lakini gawanya bei kwa kilo: wa kwanza ni shilingi 50 kwa kilo, na wa pili ni shilingi 52.

Wale wachanganyao chakula nyumbani wawe waangalifu zaidi. Ikiwa maagizo yasema nusu kilo ya chumvi kwa gunia la kilo 90, na wewe ukaitia yote katika mfuko wa kilo 50, umekaribia kuongeza chumvi mara mbili. Chumvi ikizidi huwadhuru kuku, na yaweza kuwaua.

Tena, usipime pumba kwa gunia ukadhani umepata kilo 90. Pumba ni nyepesi. Gunia lililojaa pumba huenda lisifikie hata nusu ya uzito wa gunia la mahindi. Debe nalo ni hivyo hivyo: hupima ujazo, karibu lita 18, wala halipimi uzito.

Basi, kabla ya kutoa fedha, soma uzito ulioandikwa juu ya mfuko. Kama mfuko umefunguliwa au kushonwa upya, omba upimwe kwenye mizani mbele ya macho yako. Ukiona uzito umepungua, mwarifu afisa wa mizani na vipimo. Nyumbani andika katika daftari kilo ulizonunua na siku chakula kilipokwisha. Daftari hilo litakuonyesha mapema ni lini ununue tena, na kama mifugo yako yapata haki yake.