Mashine ya Kupasulia Kuni: Ifungwe Kwenye Trekta au Iwe na Injini Yake?

Chama cha msingi chenye shamba la mikaratusi katika nyanda za Mufindi, Njombe au Rungwe, na ambacho huuza kuni kwa kiwanda cha chai, aghalabu hufika mahali ambapo shoka na nyundo haziwezi tena kutimiza mkataba. Hapo hoja ya kununua mashine huletwa mbele ya Bodi, na mara moja wajumbe hugawanyika. Wapo wasemao kwamba chama kina trekta tayari, hivyo kinunue kifaa cha kufunga nyuma ya trekta hiyo. Wengine hutaka mashine inayojitegemea, yenye injini yake. Makala haya yanaeleza tofauti ya mashine hizo mbili, ili uamuzi utokane na hesabu za chama, wala si na maneno ya muuzaji.

Kwa nini kuni zipasuliwe

Gogo bichi la mkaratusi lina maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Gome huyazuia maji hayo yasitoke, hivyo gogo zima huweza kukaa miezi mingi uani likiwa bado bichi ndani. Likipasuliwa na kupangwa mahali penye upepo, chini ya paa, hukauka upesi zaidi. Kilo moja ya kuni zilizokauka hata maji yakabaki asilimia 20 hutoa joto linalokaribia mara moja na robo tatu ya joto la kilo moja ya kuni mbichi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kwamba mnunuzi wa kuni mbichi hulipia maji. Lakini hata gogo lile lile, likikaushwa kwanza, hutoa joto zaidi kwa takriban sehemu moja ya nane, mbali na faida ya moto usiofuka moshi.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba mkaratusi hupasuka kwa urahisi ukiwa mbichi, na huwa mgumu ukikauka. Kwa hiyo kazi ya kupasua yapaswa kufanywa mara baada ya kukata, katika kiangazi cha Juni hadi Oktoba, ili kuni ziwe tayari masika yanapofika na viwanda vinapopokea majani mengi.

Jinsi mashine zinavyofanya kazi

Mashine za namna zote mbili hufuata kanuni moja. Pampu husukuma mafuta ya haidroliki ndani ya silinda, mafuta husukuma pistoni, na pistoni hulibana gogo kwenye kabari ya chuma mpaka lipasuke. Nguvu ya kupasua hutegemea mambo mawili tu, yaani upana wa silinda na mgandamizo wa mafuta. Silinda yenye kipenyo cha milimita 100, ikipata mgandamizo wa kilo 200 kwa kila sentimita mraba, hutoa nguvu ya takriban tani 15 na nusu, iwe imefungwa kwenye trekta au inaendeshwa na injini ndogo. Ni kosa, basi, kudhani kwamba mashine ya trekta lazima iwe na nguvu zaidi kwa sababu trekta ni kubwa.

Ukubwa wa injini huhusika na kasi. Ikiwa silinda hiyo ina mwendo wa sentimita 60, yahitaji karibu lita 5 za mafuta ili pistoni ifike mwisho. Pampu itoayo lita 40 kwa dakika huimaliza safari hiyo kwa sekunde 7 hivi. Lakini kuisukuma pampu hiyo kwa mgandamizo wote kwahitaji takriban nguvu za farasi 18, nguvu ambazo trekta inazo kwa urahisi na injini ndogo haina. Mashine nyingi zinazojitegemea hutatua tatizo hili kwa pampu ya hatua mbili: hutoa mafuta mengi wakati kabari haijakutana na ugumu, kisha hupunguza wingi na kuongeza mgandamizo gogo linapokaza. Kwa njia hiyo injini ya nguvu za farasi 7 yaweza kupasua gogo lile lile, ila kwa polepole kidogo panapokuwa na fundo.

Mashine ya kufunga kwenye trekta

Faida yake ya kwanza ni bei, kwani chama hakinunui injini nyingine. Hubebwa na mikono mitatu ya nyuma ya trekta kama jembe, na hivyo hufika katika miteremko ya shambani. Zipo zinazotumia mafuta ya haidroliki ya trekta yenyewe, na zipo zenye pampu na tangi lao, zikiendeshwa na shafti ya nyuma kwa mizunguko 540 kwa dakika. Hizi za pili ni salama zaidi kwa trekta. Katika matrekta mengi mafuta ya haidroliki ndiyo hayo hayo ya gia, na mchanga ukiingia kwenye viungio vya mipira husafiri mpaka ndani.

Hasara yake kubwa ni kwamba trekta moja haiwezi kupasua na kuvuta tela kwa saa ile ile. Wakati mashine inapasua, magogo yanangoja kusombwa. Wakati tela linakwenda kiwandani, wapasuaji wamekaa. Tena trekta ya nguvu za farasi 60 au 70 huchoma lita 4 hadi 6 za dizeli kwa saa kwa kazi nyepesi kama hii.

Mashine inayojitegemea

Hii huwekwa uani na kufanya kazi yake hali trekta ikiwa njiani. Injini yake ndogo hutumia lita 1 na nusu hadi 2 na nusu za petroli kwa saa. Mahali penye umeme wa njia tatu, mota ya umeme yafaa zaidi, maana haina moshi na matunzo yake ni machache. Kwa upande mwingine, chama huwa kimejiongezea injini ya pili ya kutunza. Injini hizi hudai kubadilishwa mafuta kila baada ya saa 50 hadi 100, na hufa mapema zikisahauliwa. Magurudumu yake madogo pia hayakukusudiwa kwa mwendo wa kasi barabarani.

Hesabu ya kufanya

Tuchukue mfano. Tuseme watu watatu hupasua mita 2 za ujazo za kuni zilizopangwa kwa saa. Chama chenye mita 600 kwa mwaka kitahitaji saa 300. Kwa lita 5 kwa saa, trekta itatumia lita 1,500 za dizeli. Mashine inayojitegemea, kwa lita 2 kwa saa, itatumia lita 600 za petroli. Tofauti ni lita 900 kila mwaka, pamoja na saa 300 za uchakavu wa trekta. Lakini chama chenye mita 60 kinahitaji saa 30 tu, na tofauti yake ni lita 90, ambazo haziwezi kulipia injini mpya. Kila chama kipime chenyewe: kijaze tangi, kifanye kazi saa moja kamili, kisha kijaze tena na kuandika lita zilizoingia.

Vyama jirani vyenye kuni kidogo vyaweza kununua mashine moja kwa pamoja, mradi vikubaliane mapema kwa maandishi ni nani atalipia vipuri na zamu zitakwendaje.

Soko litazamwe kwanza

Kabla ya mkopo wowote, Bodi ijiulize kuni zitauzwa wapi mwaka wa tatu na wa nne. Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya wananchi. Chama kinachotegemea kuziuzia shule kisijifunge kwa deni la mashine. Chenye mkataba na kiwanda, ambacho hutumia kuni kuchemshia boila, kina msingi ulio imara zaidi. Hata hivyo deni hilo lazima libaki ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Usalama

Anayeshika mkono wa mashine awe ndiye huyo huyo anayeweka gogo, maana vidole hukatwa pale mmoja anapoweka na mwingine kuendesha. Shafti ya trekta isizunguke bila kifuniko, na asiikaribie mtu aliyevaa kanga, skafu au koti lililo wazi. Mpira unaovuja usipapaswe kwa mkono, kwani mafuta yenye mgandamizo mkubwa hupenya ngozi. Upimwe kwa kipande cha boksi, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa ile ile hata kama jeraha ni dogo. Injini ya petroli isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, wala isijazwe mafuta ikiwa ya moto.

Kwa jumla, chama chenye kuni chache na trekta isiyo na kazi nyingi katika kiangazi chafaa kununua mashine ya kufunga kwenye trekta, yenye pampu na tangi lake. Chama chenye mkataba mkubwa, ambacho trekta yake husomba mizigo kila siku, chafaa kununua mashine inayojitegemea na kumteua mtu mmoja wa kuitunza. Meneja aandike saa, lita na mita za ujazo kila siku ya kazi, ili wanachama waonyeshwe katika Mkutano Mkuu kama mashine yao inajilipa.