Kabla ya Kutia Dole Gumba

Majirani zangu hapa Newala huniletea mikataba ya mikopo niwasomee, hasa mwezi Juni, mikorosho inapodai dawa ya salfa na minada ya korosho ya Oktoba bado iko mbali. Huo ndio msimu wa kangomba: mnunuzi anakupa fedha leo, unamlipa kwa korosho za mavuno, kwa bei aliyoipanga yeye. Biashara hiyo serikali imeipiga marufuku, na makubaliano yake mara nyingi ni ya mdomo tu.

Mkopeshaji mwenye leseni ana karatasi, nami huanza na riba. Shangazi yangu wa Masasi alileta mkataba wa shilingi 500,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ikipigwa kwenye deni linalopungua kila rejesho, jumla yake ni 61,250. Ikipigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho, ni 105,000. Asilimia ni ileile! Karatasi haikusema ni njia ipi. Nikamwambia, "Shangazi, usitie dole gumba. Waandike kwanza jumla utakayolipa."

Kisha natazama rejesho la kwanza. Mkulima wa korosho akidaiwa Julai, atauza mbuzi. Kwenye dhamana, maneno "mali zote za mkopaji" yakatae. Itajwe dhamana ni shamba lipi. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Na nakala ya mkataba, ondoka nayo siku hiyohiyo.